Nafasi Tuliyoahidi Bila Kuwa Nayo

Tii, tii, tii. Kimya kidogo, halafu tena tii, tii, tii. Mpaka leo jokofu la mtu likilia hivyo, nainuka kwenye kiti.

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya kuhifadhi video, Gongoni, Tabora, kando ya barabara ambayo misafara ya zamani ya pembe za ndovu iliifuata kwenda Ujiji. Nimeishia kidato cha nne, tena kwa kusukumwa, lakini bosi alinikabidhi seva, mashine yenyewe ya kuhifadhia, kwa kuwa, alisema, najua kucheka na wateja. Diski zake zilikuwa na nafasi ya terabaiti nane. Studio na makanisa yote kwa jumla tulikuwa tumeyaahidi ishirini.

"Usiogope," bosi alinielekeza. "Kila mtu anaomba kikubwa, anatumia kidogo. Mashine inampa kadiri anavyojaza. Wewe angalia tu."

Nikaangalia. Kila asubuhi nilifungua ukurasa wa wateja, nikaona kila mmoja bado ana nafasi tele, nikafunga huku naimba. Kumbe nilikuwa nasoma ahadi. Ukurasa wa diski zenyewe, ule wa chini kabisa, sikuwahi kuugusa.

Kwetu tumbaku ikishauzwa, sherehe zinafuatana. Kadi za kamera hazitoshi, wapiga picha wanaazimana. Anayeleta kadi anasubiri mlangoni, pikipiki inaunguruma. Mimi nanakili, nafuta kadi, namrudishia akimbilie sherehe nyingine. Jumatatu ile mpiga picha mmoja alileta video ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa kutoka Choma, aliyokaa nayo wiki mbili. Mstari wa kunakili ukafika mwisho. Nikafuta kadi. Akaondoka.

Ndipo mashine ikalia.

Nikafungua ukurasa wa chini. Asilimia tisini na tisa. Binti yule nilimfahamu. Mama yake alicheza kwenye sendofu hiyo huku ameshikwa mikono pande mbili, amekonda, na hakumaliza wiki akazikwa. Video nyingine ya mama akicheza haikuwepo. Kama diski zilijaa katikati ya kunakili, basi nilichofuta kwenye kadi ndicho kilikuwa cha pekee.

Nikasimamisha wote waliokuwa wakipakia. Nikafuta faili zetu za majaribio, moja baada ya nyingine. Namba haikusogea. Nikafuta tena. Tisini na tisa. Nikampigia simu fundi aliyetufungia mashine.

"Umefuta upande wako," akasema, "lakini diski hazina habari. Ziamuru zirudishe nafasi. Na usizime mashine, umenisikia? Ukizima, mimi simo."

Akanisomea amri herufi kwa herufi. Nikaandika, nikabonyeza. Tisini na tisa. Tisini na nane. Ikashuka polepole hadi tisini na moja, mlio ukakatika, na kimya chake kikanitisha zaidi. Sikuthubutu kuifungua video.

Binti yule wa sendofu akaingia na flashi yake mkononi.

"Dada, za hapa? Mbona umepauka hivyo?"

"Nzuri, mdogo wangu. Kaa kwanza."

"Nikae tena? Pembe za ndovu zilipita hapa vichwani mwa watu zikafika, video yangu ndiyo inalala njiani?"

Nikacheka vibaya. Nikamwambia ukweli wote: kadi nimeifuta, mashine imejaa, sijui kama yake ni nzima. Utani ukamtoka usoni. Akavuta kiti karibu na changu.

"Fungua."

Tukaitazama mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka hata sehemu moja. Kila picha ilipogandaganda alinibana mkono kwa kucha. Baada ya keki, mama akatokea, ameshikwa huku na huku, mabega yakifuata ngoma. Binti hakulia. Alisema tu, "Ngoja, bado hajakaa." Mama akakaa. Sendofu ikaendelea mpaka watu wakaanza kukunja viti.

Nilimwekea kwenye flashi, nikaijaribu mara mbili mbele yake, akaondoka ameishika kifuani.

Bosi alikuwa Nzega. Nilikata boksi la karatasi, nikaandika kwa kalamu nene: DISKI ZIMEJAA ASILIMIA 91. Nikapanda kwenye kiti, nikalibandika ukutani, upande wanaokaa wateja, nao wasome namba ya kweli.