Nilivyokwenda na fundi baiskeli kuchagua compressor ya nyumbani

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdau ameuliza anunue compressor ipi ndogo, mashine ya kujaza upepo, kwa kazi za nyumbani. Mimi ni wa la saba, mambo ya presha na wati wataeleza wenye elimu. Nitasema yaliyonikuta tu, na nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Ni miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Dodoma mjini yameanza kujaa vitu vya Dubai. Nilikuwa naishi Nzuguni, enzi hizo mashamba matupu, umeme hakuna.

Tulikuwa na mkokoteni wa punda wa kuchotea maji. Tairi zake zilikuwa za gari, kuukuu, na miiba ya kule mnaijua. Ukiziba leo, kesho imelala. Kuijaza kwa pampu ya baiskeli, kifua kinawaka moto.

Na mke wangu alikuwa mjamzito. Tairi ikilala mimi nipo kazini, anabeba ndoo kichwani.

Tukauza alizeti. Mke alitaka bati, akakubali compressor itangulie. Kwa hiyo nikikosea, tumekosa vyote viwili.

Sasa kwetu huendi kununua mashine bila fundi wako, utapigwa bei. Fundi niliyemjua ni mmoja, Ndahani, alikuwa anajaza upepo na kuziba pancha pale barabarani. Mgogo, mtu wa utani. Nikamchukua.

Wajanja mmeshaona kosa. Mimi sikuliona.

Dukani zilikuwepo mbili. Moja ina tangi la upepo, ya umeme, inapendeza macho. Nyingine ndogo kama kiatu cha askari, haina tangi, unaibana kwenye betri ya gari. Betri ya namna hiyo nilikuwa nayo, ya kuwashia redio, naipeleka mjini kuchajiwa.

Mwenye duka akakazania ya tangi. "Mzee, chukua hii. Nzuguni nguzo za umeme zimeshalazwa."

Ndahani akadakia, "Zimelala kweli. Mimi huwa nazikalia nikila karanga."

Akawasha ile ndogo, akaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, akasikilizia. "Hii hapa." Nikalipa.

Jirani yetu Mama Sikujua alipoiona na kusikia tulivyochagua, alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji! Umempeleka fisi akuchagulie mbuzi? Ile kubwa, umeme ukija, ungejaza tairi za mtaa mzima. Ndahani angekula wapi?"

Wakuu, nikarudi kuikagua mashine upya.

Tangu hapo, katika kila kasoro ya mashine nilimwona Ndahani. Inapata moto haraka. Inapiga kelele mpaka punda anatega masikio. Nikajaribu kupulizia kabati rangi, ikatema matone kama mtu mwenye mafua. Nikasema moyoni, nimeuzwa.

Lakini nisiionee. Tairi ilikuwa inajaa. Asubuhi najaza ya kushoto, naiacha mashine ipoe, najaza ya kulia, naenda kazini. Vumbi la kwenye cherehani yetu nalo ilikuwa inalipuliza lote. Na mke wangu hakubeba ndoo tena.

Mwisho nikamfuata barabarani. "Ndahani, ile ndogo ulinichagulia kwa faida yangu au yako?"

Hakukasirika. Aliendelea kusugua tyubu kwa msasa.

"Ya wote wawili, bwana. Ile kubwa, siku umeme ukifika, mimi ingenilaza njaa. Na mpaka ufike, wewe ungeifunika kitambaa sebuleni, wageni waisifie. Sasa ulitaka nikudanganye ndio uamini kwamba sijipendelei?"

Nikakaa kwenye benchi lake, akanipa karanga.

Mpaka leo najiuliza, je, umeme ungekuwepo, angesemaje? Sikumuuliza, na naona si haki kumhukumu mtu kwa swali ambalo hukumuuliza.

Kwa hiyo mdau, chagua mashine kwa umeme ulionao, si kwa ule unaoahidiwa. Kama kazi yako ni tairi na vumbi, ndogo inatosha. Kama ni rangi, usijidanganye, tafuta yenye tangi.

Na la pili, kufaidika kwa mshauri hakufanyi ushauri wake uwe mbovu. Ila ujue anafaidika wapi kabla hujatoa hela. Mimi nilijua nimeshalipa.

Nyie mngemuuliza palepale dukani, muuzaji akisikia? Au mngeona ni kumvunjia mtu heshima? Semeni wakuu, hata wa kunicheka nawasoma.