Nafasi ya Mwisho Ukutani

Mke wangu ni kinyozi, na sijawahi kuona mwanamume anayethubutu kumbishia akiwa amekaa kwenye kile kiti chake. Si kwa sababu ya wembe. Ni kwa sababu ana tabia ya kunyamaza, kumaliza kazi yake, kukung'uta shuka, halafu kukupa ukweli wako wakati nywele zako ziko sakafuni na huna pa kujificha. Watoto wetu wamekua na kuondoka nyumbani, tumebaki wawili, na mpaka leo akikung'uta kitu chochote, hata kitambaa cha meza, mimi najiandaa.

Mimi ni fundi bomba. Kazi ikiisha mapema napitia saluni kwake, nakaa kwenye benchi la karibu na mlango, nasikiliza ubishi. Ubishi wa pale ni mmoja tu, mpira. Pembeni ya kioo kuna ukuta mweupe ambao kila mwaka unaandikwa msimamo wa ligi ya mji wetu kabla ligi yenyewe haijaanza. Wateja hupiga kelele wiki nzima, huyu atachukua kombe, yule atashuka daraja, na mke wangu husikiliza huku mashine inaunguruma. Siku akiona wamesema vya kutosha, hupanda kwenye stuli na brashi yake ya rangi nyeusi, akaandika majina ya timu kuanzia juu mpaka chini kwa jinsi anavyoona zitakavyomaliza. Akishashuka kwenye stuli, basi. Hakifutwi kitu mpaka msimu uishe.

Asiyekubali nafasi ya timu yake anaruhusiwa kuweka kichwa. Maana yake ni kwamba ukuta ukisema kweli, mbishi ananyolewa kipara mbele ya mtaa mzima. Ukuta ukikosea, ananyolewa kinyozi mwenyewe. Wengi wametoka pale na vichwa vinavyong'aa. Yeye alikuwa hajawahi, na si kwamba hakosei. Anakosea sana. Kuna mwaka aliwaweka juu kabisa wale tunaowaita Matajiri, wakamaliza katikati huku wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Lakini hakuna aliyekuwa ameweka kichwa kuwapinga, kwa hiyo hakuna aliyedai. Tena watu waliziheshimu nywele zake. Alikuwa amezifuga tangu usichana, zinafika mgongoni, na bado mama yake ndiye aliyemsuka kila Jumapili.

Sasa mdogo wake, yaani shemeji yangu, ni kocha wa Karakana. Ni timu ya mafundi wa kuchomelea mageti na madirisha, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mke wangu alimbeba mgongoni akiwa mtoto, akamfundisha kunawa miguu baada ya mpira, akamnyoa maisha yake yote. Mimi ni Karakana damudamu. Jezi yao naivaa hata nikienda kuzibua sinki la mtu. Kwa hiyo mwaka mmoja mke wangu aliposhuka kwenye stuli, na nikaona Karakana imeandikwa chini kabisa, chini hata ya wale Sare Tupu ambao hawajui goli linafungwaje, nilidhani ameishiwa nafasi.

Hakuwa ameishiwa nafasi. Kilichokuwapo ni kipa.

Kipa wa Karakana anaitwa Komeo, na jina hilo alilipata kihalali, enzi zile mpira haukuwa unapita. Ni rafiki wa shemeji tangu wakiwa wadogo. Wiki chache kabla ya hapo shemeji alikuja kula kwetu, na mke wangu akamwambia kwa upole kabisa kwamba Komeo hafai tena kusimama golini. Alisema akimnyoa anaona shingo haigeuki kushoto. Ukimwambia aangalie dirishani, anageuka na mabega yote, na kiti nacho kinageuka. Shemeji alicheka. Akamwambia, "Dada, wewe nyoa. Mpira niachie mimi."  Mke wangu alisubiri tumalize kula, akakikung'uta kile kitambaa cha meza nje ya mlango.

Shemeji alikuja saluni siku moja baada ya ukuta kuandikwa, ameambiwa na watu. Alisimama mbele ya ukuta na nguo zake za kazi, cheche zimezitoboa kifuani, akasoma kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Timu mbili za mwisho hushuka daraja, na mwenye karakana alishatamka kwamba timu ikishuka anaivunja, hana muda wa kulea watu wa daraja la chini. Kila mtu pale ndani alilijua hilo. Mke wangu alilijua kuliko wote.

"Naweka kichwa," shemeji akasema.

"Kimewekwa," mke wangu akamjibu, na akaendelea kuchana ndevu za mteja.

Tangu siku hiyo shemeji hakukanyaga tena saluni. Alikwenda kunyolewa ng'ambo ya barabara, kwa vijana wenye televisheni kubwa na mkono mzito, akatoka na kichwa kina ngazi. Akipita mbele ya duka letu anaangalia upande wa pili. Na ligi ilipoanza, Karakana wakaanza kufungwa, na magoli mengi yalikuwa ya upande mmoja. Nilikuwa uwanjani, nimeona kwa macho yangu. Krosi inakuja kutoka kushoto kwa Komeo, yeye anaitafuta na mwili mzima, na akishaipata kwa macho mpira uko wavuni. Nilitamani nisingeambiwa habari ya ile shingo, maana baada ya kuijua sikuweza kuona kitu kingine.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Mama mkwe alikuja Jumapili kumsuka binti yake, akawa anamvuta nywele kuliko kawaida. Akamwambia afute lile jina, amweke mdogo wake hata katikati, kwani rangi inagharimu nini. Damu yako mwenyewe unaitangazia aibu ukutani! Mke wangu alikuwa amekaa chini, kichwa kimeshikwa magotini kwa mama, akajibu kwamba ukuta haufutwi. Mama mkwe akanigeukia mimi niseme neno. Nikasema nasikia bomba la jirani linavuja, nikatoka.

Lakini nilikuwa na hasira, sitaki kudanganya. Nilimpenda mke wangu na niliipenda Karakana, na nilimwona kama mtu anayesimama pembeni ya kisima akimhesabia makosa anayezama. Nikajipa moyo, jioni moja tukiwa tunafunga saluni nikamtolea uvivu. Nikamwambia anawavunja vijana moyo, wanapita hapa kila siku kwenda kazini na kurudi, wanajisoma chini kabisa. Kama anawapenda afute.

Aliweka ufagio ukutani. Macho yalikuwa mekundu, na nilikuwa sijamwona hivyo tangu alipomzika baba yake.

"Unadhani mimi silali na hili?" akasema. "Nilimwambia mezani, akacheka. Ningemwambia tena angecheka tena. Pale ukutani hacheki. Nikifuta leo, kesho atalala usingizi, na timu itakufa akiwa amelala. Bora anichukie akiwa macho."

 Nilishika ufagio nikamalizia kufagia mimi.

Maji yalikuwa yameshafika shingoni, nusu ya msimu imepita na Karakana wako mkiani, siku alipoingia Komeo mwenyewe.  Ni mtu mkubwa, anajaza mlango, na mtaratibu. Alisubiri zamu yake kama kila mtu, akaketi kwenye kiti, akafungwa shuka, akaomba apunguzwe pembeni. Mke wangu alimpunguza bila haraka. Alipofika karibu na sikio, Komeo akauliza, bila ukali, kwa nini dada amewaweka mwisho.

Mke wangu alizima mashine. "Mwangalie mume wangu pale mlangoni," akamwambia.

Mimi nilikuwa kushoto kwake, kwenye benchi langu. Komeo akageuka. Yaligeuka mabega, kikageuka kiti, shuka likavutika, na miguu ikahama kwenye kile kibao cha kukanyagia. Ndipo tukatazamana. Nilitabasamu kwa kuwa sikujua nifanye nini na uso wangu.

"Umeona?" mke wangu akasema.

 Komeo alijiona kwenye kioo amekaa upande kwenye kiti kilichotengenezwa kukaliwa mbele. Kisha akarudi taratibu, mabega yote, akamwomba amalizie. Alipokuwa anatoka alisimama akasema kwamba kocha alishajua. Alijua tangu mazoezini. Ila kila kocha alipotaka kumwambia yeye, maneno yalimkwama, kwa sababu walianza pamoja. "Basi mimi nitamwambia," akasema, na akaenda zake karakana na kichwa kimenyolewa vizuri.

Yaliyotokea huko sikuwapo, nimesimuliwa. Inasemekana Komeo alimkuta shemeji amevaa miwani ya kuchomelea, akamwambia hachezi tena, ila hatoki kwenye timu, atamfundisha kipa wa pili. Shemeji hakuivua ile miwani kwa muda mrefu, ingawa mashine ilikuwa imezimwa. Kipa wa pili si fundi, ni mwoka mikate, mwembamba, mwenye kelele nyingi, na Komeo alimshika kila jioni akampigia krosi za kushoto tu mpaka mwoka mikate akaanza kuziota.

Karakana hawakugeuka mabingwa. Mwenye kutaka hadithi ya mabingwa aende kwa mashabiki wa Matajiri. Walianza kutoka sare, wakafunga goli moja moja na kulilinda kwa meno, wakashinda mechi za ajabu za matope ambazo refa mwenyewe alikuwa hataki kuzimaliza. Ikafika mechi ya mwisho wakihitaji sare tu wabaki kwenye ligi. Wanaume wa saluni tulikwenda wote uwanjani. Mke wangu akafunga duka katikati ya mchana, jambo ambalo halifanyi hata akiumwa, akakaa jukwaani amekunja mikono. Filimbi ilikaribia, matokeo bila bila, ikaja krosi kutoka kushoto. Mwoka mikate aligeuza shingo tu, akaruka, akaukumbatia. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa analia waziwazi na hajali nani anamwona.

Timu ikabaki. Wa mwisho wakawa watu wengine. Ukuta ukawa umekosea.

Kesho yake walikuja wote saluni, wachezaji, wateja, mama mkwe, na wale vijana wa ng'ambo ya barabara waliotaka kuona kinyozi ananyolewa. Shemeji aliingia wa mwisho. Hakujua asimame wapi. Mke wangu alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake mwenyewe, amejifunga shuka, amefungua zile nywele zote. Mama mkwe aliweka mkono mdomoni. Shemeji akaichukua mashine, akaiangalia, akairudisha mezani. Akasema kwamba yeye hadai, mambo yameisha, yeye na dada yake wamesameheana.

"Nani kakuomba msamaha?" mke wangu akamwuliza kwenye kioo. "Uliweka kichwa. Mimi nimeweka changu. Nyoa."

"Dada, nywele hizi ni za mama."

"Zitaota. Timu haioti. Nyoa, mdogo wangu, watu wana kazi zao."

Akanyoa. Njia ya kwanza ilipinda, zilizofuata zikanyooka. Nywele zilianguka nyingi kiasi kwamba wachezaji waliokuwa mbele walirudi nyuma ili wasizikanyage. Mama mkwe aliinama akaziokota kidogo kidogo, akaziweka kwenye kanga yake. Nilikuwa na uchungu, nilizipenda zile nywele kuliko ninavyoweza kumwambia mtu, na hapohapo nilikuwa najivuna mpaka kifua kinaniuma. Mke wangu hakupepesa macho. Alipomalizwa alijishika kichwa kwa viganja viwili, akajikagua kulia na kushoto, akasema pembeni hapa pamebaki. Shemeji akarudia.

Ndipo alipoinuka, akalikung'uta shuka. Nikajiandaa.

Aliniambia nilete chokaa. Nikaupaka ukuta wote ukawa mweupe, mbele ya watu, wakisubiri. Akapanda kwenye stuli na kichwa chake kitupu, akachovya brashi aandike msimu unaofuata, na kabla ya timu nyingine yoyote akaanzia chini. Akaandika Karakana.

Hakuna aliyecheka. Shemeji alilitazama lile jina. Safari hii hakusema anaweka kichwa. Aliuliza swali ambalo hakuuliza mwaka uliopita.

"Kwa sababu gani, dada?"

Mke wangu alishuka, akaweka brashi pembeni, akageuza kiti kikamwelekea.

"Kaa kwanza," akasema. "Hao wa ng'ambo wamekuharibu."

Shemeji akaketi. Akafungwa shuka. Dada yake akamwinamisha, akainama, akamsukuma kichwa kwenda kushoto, na shingo ikageuka bila ubishi.