Mstari Kati ya Mama Wawili

Leo mstari mmoja wa kwenye kompyuta umeniliza mbele ya wateja.

Mnaijua steshenari yangu hapa Shelui. Asubuhi wameingia bimkubwa na bimdogo, wajane wa mzee mmoja. Keshokutwa wanamaliza msiba, wanataka karatasi ya ibada yenye neno la kila mmoja kwa marehemu.

Shida ni watoto wao. Kila upande ulishanipigia simu: "Mama yetu akae juu!"

Nikasema basi, hakuna wa juu. Nawapanga bega kwa bega.

Jamani, nimehangaika! Nikigawa ukurasa safu mbili, maneno ya bimkubwa yanajaa kushoto, yanamwagikia kwa bimdogo. Mwisho nikachora jedwali la vyumba viwili, kila mtu kwake. Nikawageuzia skrini kwa madaha.

Bimkubwa akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwanangu, huu mstari katikati yetu ni wa nini?"

"Wa kuwatenganisha, mama. Msiingiliane."

Wakatazamana. Bimdogo ndiye akajibu, taratibu:

"Wanangu wamekulia nyumbani kwake. Nilipolala kitandani naumwa, yeye ndiye alikuwa ananinywesha uji. Uutoe."

(Hapo nikajifanya natafuta karatasi chini ya meza. Wewe ungeweza kujizuia?)

Nikaufuta.

Maneno hayakusogea hata kidogo. Yamebaki pale pale, bega kwa bega.

Sasa hao watoto waje waniulize nani yuko juu.