Baba wa Mtamba wa Mahari

Siku ya mahari ya mwanangu, msemaji wetu alikuwa bado anasafisha koo nikamnyang'anya maneno. Kwetu Burundi ng'ombe wa mahari husifiwa ukoo wake mbele ya wakwe, na mdomo wangu hauna breki. Nikasema mtamba huyu ni Frizoni mtupu, baba yake ni mbegu ya Ulaya iliyopandikizwa na daktari. Alikuwa mweusi na mweupe, nani angeshuku? Wakapiga makofi, nikavimba kichwa.

Mkwe mwenzangu, baba wa bibi harusi, aliyaamini yote. Alitaka kuanzisha zizi la ng'ombe wa damu safi kwake Gasenyi, na huyo ndiye angekuwa wa kwanza. Chama cha wafugaji kikamwambia ng'ombe haandikishwi kwa maneno. Lazima kipimo cha ADN, yaani DNA, singa za mkia zing'olewe na mizizi yake, za mtamba na za mama yake. Mama alikuwa kwangu Kanyosha. Nikazing'oa mwenyewe kwa madaha, na shati langu la misa. Ng'ombe akanipiga teke gotini.

Majibu yalipotoka, daktari wa mifugo akanipigia simu. "Muzee, ile mbegu haikushika. Baba ni ng'ombe ya hapa hapa, ya pembe ndefu."

Nikakaa juu ya ndoo. Dume wa pembe ndefu mtaani kwetu ni mmoja tu, wa jirani yangu fundi magari. Kila akivunja ua wangu nilimtoa mbio kwa fimbo. Kumbe nilikuwa namfukuza akiwa ameshamaliza kazi.

Aibu iliniwaka mpaka masikioni. Nikaenda Gasenyi, nikamweleza mkwe ukweli, nikaahidi kumletea mtamba mwingine. Aliangalia zizi lake jipya, na mimi nikatamani aning'ate tu yaishe.

"Apana," akasema. "Ng'ombe ya mahari hairudi. Na mutoto wako, mi nilimupima damu? Lakini huyo jirani umulete, nimushukuru."

Jumapili fundi akaja na kanzu yake nyeupe. Mkwe akamkalisha kando yake, mahali pa heshima, akamtambulisha kwa watu wote kuwa ni ndugu wa mahari. Nikasimama ili niseme neno. Mkwe akanishika bega.

"We ulishasema," akaniambia. "Letea mugeni Fanta."

Nikaenda kuileta.