Koili Zenye Nukta Nyekundu

Stella Kiden hapaki rangi ya kucha. Kucha zake ni fupi, zimeingia oili pembeni, na akila enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, anatumia kijiko watu wakimcheka. Lakini mfukoni mwa ovaroli yake hakosi kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Nitaeleza ni ya nini, maana karibu imponze.

Kiden ni fundi wa magari pale Koboko, Uganda, kwenye gereji ya Mzee Sunday. Mimi natembea sana, sina mji mmoja, na nikifika Koboko nakaa kwao kwa sababu wana benchi na hawafukuzi mtu. Mzee Sunday aliendesha malori ya jeshi miaka mingi. Kutoka jeshini alikuja na sheria moja: kifaa cha zamani kikitolewa garini, kinarudishwa kwa mwenye gari, ndani ya boksi la kile kipya. Mwenyewe aone kwa macho kwamba amebadilishiwa kweli.

Mwaka jana fundi mwingine, James, alivunja sheria hiyo. Alikuwa anasugua plagi kuukuu kwa brashi ya waya na kuwafungia watu kama mpya. Mzee Sunday alimwondoa asubuhi, na mchana kwenye nafasi yake walikuwa wamelala kuku. Tangu siku hiyo Kiden akitoa kifaa cha zamani anakidondoshea nukta nyekundu, kisirudi tena kwenye gari la mtu. Jambo hilo walilijua yeye na mzee tu, nami niliyekaa benchini.

Basi, akaja Gaspard, mfanyabiashara wa vitenge, Mkongo anayeishi Arua. Gari lake ni la mbio, jekundu, fupi mpaka akishuka anaonekana kama mtu anayetoka shimoni.

"Mama fundi, gari inakohoa. Nikipanda mlima inarukaruka kama mbuzi. Na taa ya injini inawaka, inazima."

"Plagi ulibadilisha lini, patron?"

"Bado. Kitabu inasema kilomita elfu mia moja. Mimi niko elfu sitini tu."

"Mutu aliandika ile kitabu hapana kunywesha gari yake petroli ya chupa ya soda," Kiden alisema. "Hii iko na turbo. Kwa barabara yetu, plagi zake hazipiti elfu hamsini."

Akafungua boneti. Juu ya kila plagi kuna koili, kile kifaa kinachoipa plagi moto wake. Kiden alisikiliza, kisha akang'oa koili ya silinda ya tatu akaihamishia ya kwanza, na ile ya kwanza akaipeleka ya tatu. Akawasha. Kikohozi kikahama kikaenda silinda ya kwanza.

"Umeona? Ugonjwa umefuata koili. Ungebaki pale pale tungetafuta kitu kingine." Alizigeuza zile tatu zilizobaki juani. Mbili zilikuwa zimeanza kupasuka shingoni. "Koili hatuhesabii kilomita. Inakaa mpaka inaugua. Lakini hizi zimezaliwa siku moja, na wewe unasafiri mbali. Badilisha zote, pamoja na plagi, usije ukalala njiani."

Gaspard akakubali. Vifaa vikaletwa, Kiden akafunga nne na nne, za zamani akazitia nukta na kuzirudisha kwenye maboksi mapya, kama sheria inavyosema. Mzee Sunday siku hiyo hakuwepo, alikuwa kwenye mazishi ya shemeji yake. Gaspard alikuwa kwenye simu, anabishana na mtu kuhusu marobota ya vitenge.

"Patron, vitu vyako ni hivi, naweka nyuma," Kiden alimwambia.

Gaspard alitikisa kichwa bila kumwangalia. Gari likaondoka likinguruma vizuri mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Wiki mbili baadaye Gaspard akampigia simu Mzee Sunday, kwa sauti hata sisi benchini tukaisikia. Gari limekufa nusu kwenye kilima cha Arua Hill. Fundi wa pale amechomoa koili, zina nyufa. "Fundi wako alinifungia takataka, mzee! Nimekuwa mjinga wa Koboko!"

Mzee alikata simu. Kwa miezi alikuwa akisema kwamba magoti yake yamechoka, kwamba gereji atamwachia Kiden. Sasa alimwangalia kama alivyomwangalia James.

"Kesho asubuhi tunakwenda Arua. Beba spana zote. Kama ni koili za zamani, utaniachia spana pale pale, na kwangu hapana rudi."

"Mzee, mimi nilifunga mpya."

"Nani aliona?"

Kiden akanigeukia mimi. Nami niliona maboksi tu, baba zangu. Kilichokuwa ndani ya boksi sikukijua. Nilisema hivyo, na nikatamani ningekuwa na macho zaidi.

Tulikwenda watatu katika pikapu ya mzee. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuiendesha. Kiden alikaa katikati na mfuko wa spana magotini, ameukumbatia njia nzima zisigongane.

Gari jekundu lilikuwa kando ya barabara, nusu ya kilima. Gaspard alisimama hapo na mdogo wake, Landry, kijana wa miraba minne anayemwendeshea mizigo hadi Vurra, kule mpakani. Kiden akafungua boneti. Mzee Sunday akainama.

Vichwani mwa koili zote nne kulikuwa na nukta nyekundu.

"Weka spana chini," mzee alisema polepole.

Kiden hakuziweka. Alimgeukia Gaspard. "Patron, maboksi yangu iko wapi? Yale niliweka nyuma?"

"Maboksi gani? Mimi sijui maboksi."

Mzee naye akanyanyua kichwa. "Sheria yangu ni kurudisha. Fungua buti."

Hapo nilimwona Landry. Kwa mtu mkubwa vile, alikuwa anajaribu kujificha nyuma ya kioo cha pembeni.

"Landry," Gaspard alisema. "Landry!"

"Yaya, kaka yangu, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Ile siku ulivuka mpaka kwenda Aru, kule Kongo, mimi nilichukua gari. Kidogo tu. Niliweka petroli ya chupa pale Vurra, ikaanza kukohoa. Nikaona nyuma kuna maboksi mapya. Nikafikiri, aa, yaya ameweka akiba. Nikampa fundi mmoja, akafunga."

"Na zile alizitoa, ziko wapi?"

"Nilimwambia arudishe ndani ya maboksi. Si ndiyo desturi ya fundi wa Koboko? Nilisikia watu wanaisifu."

Buti likafunguliwa. Maboksi yalikuwa chini ya robota la vitenge. Kiden alitoa koili moja, akaifuta kwa kiganja, akampa mzee. Safi, haina nukta. Ya pili, ya tatu, ya nne. Plagi nne, hakuna hata moja yenye rangi.

Mzee Sunday alizishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Binti yangu," akasema, "mimi nilikosa." Kisha akakohoa kama lile gari.

"Hata mimi, mzee. Sikuandika juu ya boksi."

Gaspard alimtazama mdogo wake toka kichwani mpaka miguuni. "Petroli mbaya ungeimaliza tu, ukaweka nyingine nzuri. Wewe ukaifanyia injini upasuaji!"

"Sasa nimejua, yaya."

"Utajua zaidi ukitembea kwa miguu mpaka Vurra."

Kiden akamwaga petroli yote, akalala juu ya injini, akarudisha nne na nne. Gaspard akatia petroli safi, akawasha, akapanda kilima chenye ofisi za serikali mpaka juu, akashuka, akapanda tena. Halikukohoa. Mara ya tatu alikuwa anapiga honi, na makarani walichungulia madirishani kutazama ni harusi ya nani. Zile kuukuu Kiden alizitia ndani ya maboksi, na kwa rangi ya kucha akaandika ubavuni, herufi kubwa: IMEKUFA.

Wakati wa kurudi mzee alikwenda upande wa abiria, akapanda, akafunga mlango.

"Nani ataendesha, mzee?" Kiden aliuliza.

"Magoti inauma."

Tulipofika Manibe, nje kidogo ya Arua, niliposhuka mimi, mzee alikuwa amelala mdomo wazi. Mfuko wa spana ulikuwa nyuma kwenye bodi, unarukaruka na kupiga kelele kila shimo, na Kiden anaendesha bila haraka, hajali hata kidogo zigongane.