Dainosa Aliyekula Mpunga

Enzi zetu suruali ilikuwa ya familia, si ya mtu. Mimi na kaka yangu Fidelisi tulikuwa na moja, ya kaki, imekatwa kutoka kwenye ya baba iliyokufa magotini. Jumapili Fidelisi anaenda nayo misa ya kwanza, mimi nasubiri nyuma ya uzio wa kanisa nimejifunga kanga ya mama, wasichana wanapita wananicheka. Akitoka tunabadilishana, naingia misa ya pili suruali bado ina joto la matako yake. Padri anahubiri, mimi nawaza kama Fidelisi alioga. Siku hizi kijana ana suruali sita na zote zinamshuka.

Anayeandika haya ni binti yangu Evelina, mimi kazi yangu kusema tu. Ananikodolea macho, anataka nifike kwenye habari. Nitafika.

Suruali ile ilipumzika msimu mmoja tu wa mwaka, mpunga ulipoanza kutoa masuke. Hapo watu walihamia shamba. Wenzangu wa Ifakara mnajua: mtu anafunga nyumba ya mjini, anavuka mto na kuku, vyungu, mikeka na watoto wote, anakaa bondeni miezi mpaka avune. Huko nani anakuuliza suruali? Na shule nayo hakuna aliyeiuliza. Watoto kazi yetu ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Baba alijenga dungu, jukwaa la miti lililosimama juu ya mpunga, na sisi tulikaa juu yake toka alfajiri mpaka jua lizame, na kombeo, debe bovu na makoo yetu. Kwelea walikuja wengi mpaka unadhani wingu limekosea njia. Ukilegea kidogo tu, mnakula makapi mwaka mzima.

Kupiga yowe kunachosha. Basi tukawa tunawafukuza kwa vina, na kwa kuwa ndege lazima aende mahali, tulimpeleka kwa jirani:

Ndege, wacha wetu mpunga,
nenda shamba la Malunga,
kalala kama gunia la unga,
kaptula hajaifunga!

Kutoka dungu la pili watoto wa Malunga wanajibu, wanamvua nguo baba yangu mbele ya bonde zima, kwa vina vilivyonyooka kabisa. Hakuna aliyekasirika. Juu ya dungu ilikuwa ruksa. Malunga mwenyewe alisikiliza, tukichapia kina anapaza sauti, "Hicho kibovu, rudieni!" Mama chini, anabanika kambale, moshi unamliza, anapiga kelele, "Semeni yote, ila Mungu msimtaje! Na mkimwaga uji nawapandia huko huko juu!" Jioni anatupa pepeta, ule mpunga mbichi wa kukaanga na kutwanga, bado una vuguvugu la kinu. Sijala kitu kitamu hivyo tena, na nimekula hadi keki ya harusi.

Misimu mitatu hivyo. Kila nikirudi darasani wenzangu wapo mbele, mimi bado niko kwenye ba be bi bo bu. Darasa la pili ndilo lilikuwa chuo kikuu changu. Jina langu nalijua. Namba nazijua. Neno CHUMVI nalijua, kwa sababu liko kwenye pakiti.

Haya, sasa kitabu. Evelina anafanya kazi Morogoro, huku huja likizo tu, mwanawe Skola ameniachia mimi. Krismasi iliyopita akamletea kitabu cha picha cha watoto, kina wanyama wa kale wanaoitwa dainosa, na chini ya kila picha kuna maneno ya vina. Nilipomwona huyo dainosa sikushangaa. Ni kenge aliyekosa mtu wa kumfukuza mapema.

Kila alasiri tunaanika mpunga kwenye turubai, tunaulinda kuku wasiule, Skola ananifungulia kitabu mapajani. "Babu, soma." Wewe ungefanyaje? Nikatazama picha, mdomo ukafunguka wenyewe:

Dainosa lile shingo kama kamba,
limekula mpunga wa mashamba,
tumbo limevimba, linajigamba,
kimbieni watoto, linataka kujamba!

Evelina anasema neno hilo la mwisho tuliache. Nimemwambia aandike, yeye mwenyewe kalitenda sana akiwa mchanga mgongoni kwangu.

Skola alicheka mpaka akaangukia mpunga. Tukaenda hivyo kitabu kizima, kila dainosa na ubeti wake, naye akavishika vina vyote. Na aliamini vimeandikwa pale. Sikumwambia vimeandikwa. Sikumwambia havijaandikwa vilevile. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu anayeniona msomi, na mtu huyo ana miaka mitano.

Skola akakipeleka kitabu chekechea. Mwalimu wake, binti mpole tu, akawasomea wenzake. Skola akasimama. "Mwalimu, unasoma uongo." Akawaghania ubeti wangu, mkono kiunoni. Darasa likapasuka. Mwalimu akamuuliza nani kamfundisha matusi. "Si matusi, imeandikwa. Babu kasoma." Akaambiwa yeye ndiye muongo, akae pembeni mpaka mzee wake aje.

Alirudi nyumbani macho yamevimba. Akanishika kidole. "Babu, kesho uje umsomee, aone."

Asubuhi nikampakia kwenye baiskeli. Njia nzima anaimba. Mimi natafuta uongo wa kusema: miwani imevunjika, macho yana mtoto wa jicho, koo linauma. Uongo ninao mwingi, wenzangu, kazi ilikuwa kuchagua.

"Shikamoo babu," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akanipa kitabu, amekifungua ukurasa wa shingo ndefu. "Skola anasema kwako imeandikwa vingine. Hebu tusaidie."

Watoto kama arobaini wametulia. Skola yuko pembeni peke yake, amekunja mikono kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Ningesema miwani, ningeokoka mimi, yeye angebaki na uongo wangu kichwani mpaka lini?

Nikasema, "Mtoto hajasema uongo. Uongo ni wangu. Mimi sijui kusoma. Maneno yale niliyatunga."

Kisha katoto kamoja mbele kakauliza, "Babu, kwa hiyo hakujamba?" Wakacheka wote, mwalimu kajificha nyuma ya daftari mabega yanamruka. Skola peke yake hakucheka. Alinitazama muda mrefu, kama unavyomtazama mtu umfananishaye na mwingine. Halafu akaenda kukaa na wenzake. Akasema, "Mwalimu, basi soma ya kweli."

Mwalimu akakivuta karibu kiti kimoja kidogo. "Babu, kaa na wewe. Tunaanza na herufi, hata wewe utaweza." Alisema kwa wema, hilo lazima niseme. Kisha akainamia kitabu mkononi mwangu, akasoma:

Dainosa mpole, mrefu kama mnazi,
asubuhi na jioni kula majani ndiyo kazi.

Hebu sikilizeni hicho. Hajambi, hakohoi, hata mpunga hagusi. Ni dainosa wa ofisini. Enzi zetu ubeti ulikuwa mali ya aliyepaza sauti, ukiwa mbovu unarudishiwa kutoka dungu la pili, unatengeneza. Siku hizi umebandikwa kwenye karatasi, mtoto akiongeza neno anawekwa pembeni. Lakini nisiwaonee. Enzi zetu nilikaa juu ya dungu misimu mitatu, na hakuna mtu hata mmoja aliyevuka mto kuja kuniambia kuna kiti changu darasani.

Watoto wakarudia, mrefu kama mnazi, na sauti ya Skola niliisikia juu ya zote. Alishaushika, kwa mara moja tu. Nilikitazama kile kiti, kimenifikia nikiwa mzee. Nikaweka kitabu juu yake taratibu, nikatoka, nikakokota baiskeli mpaka barabarani. Skola siku hizi hurudi na watoto wa jirani. Mimi pale sijakanyaga tena.