Gari la Liévin ni la Ukoo Gani?

Liévin Mumba alikuwa fundi wa magari katika mtaa wetu uitwao Kenya, na mji mzima wa Élisabethville haukuwa na mtu mwenye ndugu wengi kama yeye ambaye hana ndugu. Baba yake alikuwa Mubemba, mama yake Muluba wa Kasai. Kwa Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa Waluba wa Kasai mtoto ni wa ukoo wa baba. Angezaliwa na baba Muluba na mama Mubemba, koo mbili zingemgombania kama nyama ya sikukuu. Alizaliwa kinyume. Basi akiugua, upande huu humpeleka kwa upande ule, na upande ule humrudisha. Nimekuwa jirani yake miaka kumi na miwili, na sijaona mtu anayerudishwa kwa heshima nyingi hivyo.

Mwenyewe alicheka tu, hadi alipofika miaka thelathini na minane akampenda Laurentine, mshonaji wa nguo. Laurentine naye akampenda, jambo lililotushangaza sisi tulioijua mikono yake na grisi yake. Baba wa Laurentine, mzee Adalbert, mstaafu wa reli, hakukataa. Alitaka kitu kimoja.

"Kuya na bantu yako," alisema. "Mutoto yangu haiko kiti, muntu anakuya peke yake anabeba."

Baba yake alikwisha kufa, basi Liévin akaenda kwa baba yake mdogo, André, dereva wa lori. André akampa munkoyo, kinywaji cha mahindi, akasema, "Weye iko mutoto ya bakina mama yako. Miye nitasimama pale sawa nani?" Akaenda kwa mjomba wake, Zéphirin Kabeya, mwenye duka la vitambaa. Huyo hata munkoyo hakutoa. "Kwetu Kasai mutoto iko ya baba. Uliza bale."

Mzee Adalbert akamwekea mwisho: Jumapili ya tatu ya Julai. Baada ya hapo angewapokea watu wa mchumba mwingine, karani wa posta mwenye wajomba kumi na mmoja.

Sasa nije kwenye magari. Mwaka huo, 1954, wazungu wa mjini walifanya mbio za magari yao makuukuu, nasi tukatazama tukiwa nyuma ya kamba. Zéphirin, aliyekuwa na Ford ya 1927, akasema hata sisi tunaweza. Ukiwaweka watu wa mji huu watano chini ya paa moja, kesho yake wana rais, makamu wa rais na muhuri. Zéphirin akawa rais. Mimi nikawa katibu, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, wala sioni haya kulisema. Mbio zenyewe zilikuwa za uvumilivu: kutoka Kenya hadi Kinsevere na kurudi, mara mbili, injini isizimike hata mara moja. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya. Aliitoa Zéphirin mwenyewe, akiwa hana shaka kwamba itarudi nyumbani kwake.

Kutunga kanuni kulitumalizia Jumapili nne. Gari liwe na miaka ishirini na mitano au zaidi. Mwenye gari aendeshe mwenyewe. Kanuni ya abiria ilikula mchana mzima: je, abiria anayeshuka kusukuma bado ni abiria? Tuligombana hadi mke wa André akatuletea uji bila kuombwa, ili tunyamaze.

Jumapili ya nne Liévin akaleta gari lake. Injini ilikuwa ya 1926, chassis, yaani fremu inayobeba gari, ya 1938, na alikuwa ameziunganisha kwa mikono yake. Lilinguruma vizuri kuliko yote, na Zéphirin alilijua hilo, maana Ford yake ilitengenezwa na fundi huyo huyo. Gari hili lina umri gani? Mimi nilishauri tuchukue katikati ya miaka hiyo miwili. Walinitazama kwa huruma.

"Injini njo baba, anatia nguvu," alisema André. "Chassis njo mama, anabeba."

Hapo wote wakakubali. Balaa ikaja kwenye kuamua gari linamfuata nani.

Zéphirin akasimama. "Inafuata mama! Nani anabeba? Mama! Na mama ni ya 1938. Ile motokari haiko muzee, iko mutoto. Itoke!"

"Inafuata baba!" akapiga kelele André, ambaye naye alikuwa na gari mbioni, lakini afadhali ashindwe na yeyote kuliko Zéphirin.

Niliweka kalamu chini. Mubemba anatetea baba, Muluba wa Kasai anatetea mama, na hakuna aliyesikia anachosema mwenyewe. Wivu hauna kabila.

Liévin alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. "Mujomba," alisema kwa upole, "tuandike ile."

"Andika!" Zéphirin akaniamuru. Tukapiga kura, tatu kwa mbili; yangu siitaji. Nikaandika: Kanuni ya saba, kilichozaliwa na wawili ni cha upande wa mama, wala hakuna rufaa. Hayo ya rufaa aliongeza rais mwenyewe. Akagonga muhuri mara mbili.

"Aksanti," alisema Liévin. "Motokari yangu imetoka. Sasa, mujomba, kwa mzee Adalbert tunakwenda saa ngapi?"

"Ile kanuni iko ya motokari!"

"Mbele ya bantu yote ulisema mutoto iko ya mama. Mujomba, motokari inanishinda miye?"

André alicheka hadi akashika ukuta. Zéphirin hakucheka, kwa sababu Jumapili ya tatu ya Julai ndiyo iliyokuwa siku ya mbio, na Ford yake hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuiendesha; lakini muhuri ulikuwa wake.

Siku hiyo tulikaa sebuleni kwa mzee Adalbert: Liévin, mjomba ndani ya koti la sufu, na mimi na faili langu. Magari yakapita barabarani yakipiga kelele. Kila moja Zéphirin alilisindikiza kwa shingo.

"Huyu iko mutoto ya nani?" akauliza mzee Adalbert.

Zéphirin akaninyang'anya karatasi yenye mihuri miwili, akamkabidhi. Mzee akaisoma yote, polepole, akairudisha.

"Miye siozeshi motokari," alisema. "Sema na kinywa."

Niliogopa, nakiri. Kisha Zéphirin akavua kofia.

"Dada yangu alikufa, huyu akiwa na miaka tisa. Alinishika mukono, akalia. Nikamurudisha kwa baba yake, nikasema njo desturi. Desturi ilikuwa kweli, lakini miye nilikuwa naogopa kulisha kinywa ingine." Akamgeukia mzee Adalbert. "Muzee, huyu iko mutoto yetu. Minachelewa kusema."

Liévin, aliyekuwa amelicheka jambo hilo maisha yake yote, akalia kwa sauti mbele ya wakwe, na hakuna aliyemwambia anyamaze.